Kunjo Moja

Anayeanza na jini, alisema Shekuwe,
huyo hajui hadithi, anajua kelele.
Akajaza maji kinywani, akayapuliza juu ya kola,
pasi ya makaa ikafuata,
na mvuke ukanuka kama mvua ya kwanza juu ya bati.

Kibanda chake kilikuwa Bondeni,
ubavuni mwa muuza viazi vya karai.
Tulitumwa kwake na mashati ya baba zetu,
tukakaa juu ya kreti za soda, miguu haifiki chini,
tukingoja, si nguo,
tukingoja kuogopeshwa.

"Nyosha kwanza," alisema.
"Nyosha asubuhi ya mwanamke wa Mkanyageni:
anaamka, anawasha jiko, anachuja chai,
paka anamdai, anamtukana, anampa.
Na kila alfajiri, kabla ya adhana,
mwadhini hukohoa mara mbili kwenye kipaza sauti.
Mtaa mzima wakijua kikohozi kile.
Watoto hukiiga. Jogoo hukingoja.
Miaka kumi na tisa: kikohozi, kikohozi, adhana."

Akageuza shati.
Tulijua kitu kinakuja, hatukujua kutoka wapi.

"Basi siku moja, hakuna mvua, hakuna bundi,
mwezi mzima hata haukupatwa,
adhana ikatoka msikitini kama kawaida.
Lakini kile kikohozi, mara mbili,
kilitoka nyuma ya mlango wa jikoni mwake."

Kaa likapasuka. Swabra akanishika mkono.
Alikuwa nani? tukauliza. Nani?
"Hili shati la nani?" akajibu Shekuwe.
"La kina Hemedi? Shilingi kumi."

Nikarudi nyumbani nikijua kwamba woga haukai makaburini.
Makaburini kila kitu ki mahali pake.
Woga hupenda nyumba iliyofagiliwa,
kikombe kinachoujua msumari wake,
hujikalia hapo mkao wa kula
ukingoja kitu kimoja kisogee upana wa kidole.
Shuka iliyofinyana yote, nani ataona kunjo?
Inyoshe, uache moja,
jicho halitaondoka hapo.

Nikajaribu kwa mdogo wangu Fumo.
Nikamwambia tu: ngazi yetu ina vidato kumi na vitatu,
tumevihesabu tangu chekechea.
Je, usiku, tukilala, viko vingapi?
Alilala chumbani kwa mama wiki mbili.
Nilichapwa. Nilijivunia.

Kisha Jumatano moja nikatoka shule.
Njia ile ile. Muuza viazi akaniita
lile jina la utani nisilolipenda.
Vidato kumi na vitatu.
Mlangoni, viatu vya baba.

Vyeusi, vya bandarini, vumbi la saruji kwenye kamba,
vimepangwa sawasawa, vikitazama ndani.
Ilikuwa saa nane mchana.
Tangu nizaliwe baba hajarudi kabla ya magharibi.

Sikuingia.
Ndani kijiko kilikuwa kikikoroga chai,
kikikoroga, kikikoroga,
sukari imekwisha kuyeyuka zamani.
Kisha sauti yake, ile ile ya kila siku:
"Ingia mwanangu, mbona wasimama mlangoni?"

Hakuna aliyenieleza.
Maneno yalikuja mbele kwa mbele, vipande vipande:
mashine mpya, majina mia mbili ubaoni,
mama akiuliza bei ya unga kwa kunong'ona,
kana kwamba unga umefiwa.

Jumatatu nikaenda Bondeni na sare yangu peke yake.
Shekuwe akaipokea, akaikung'uta,
akatazama mkono wangu wa pili.
"Na lile la buluu?"

Nikatazama kreti.
Swabra na wenzake walikuwa wamekwisha kukaa,
wamekunja miguu, tayari.

Akajaza maji kinywani.
Akayameza.